Seva Haina Chama: Ushauri kwa Mtu wa ICT Aliyeajiriwa na Kaunti

Nchiru, nje kidogo ya mji wa Meru, pana makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, na pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Kijana anayesomea kompyuta hapo humaliza masomo akijua seva, mitandao na hifadhidata. Kisha anaajiriwa na kaunti, iwe Meru, Embu au Tharaka-Nithi iliyo katikati, na kabla ya mwaka kwisha anagundua kwamba kazi yake inafanana zaidi na ya wale wazee: vikao, itifaki, nani azungumze kabla ya nani, na uamuzi usiotoka mpaka kila mwenye neno asikizwe.

Makala haya ni yake. Ni ya mtu wa ICT anayekaa ofisi ya mwisho, ile iliyojaa printa zilizokufa, anayekumbukwa tu mambo yakiharibika. Malalamiko yake nayajua, maana hayabadiliki kutoka kaunti moja hadi nyingine. Ombi la swichi lililopelekwa Januari halijajibiwa Agosti. Mfumo mpya umezinduliwa, naye ameuona mara ya kwanza kwenye picha za Facebook. Mwenye programu amezima huduma kwa kuwa hajalipwa. Mheshimiwa fulani anataka orodha ya namba za simu. Na kila mara lawama huishia mahali pamoja: wakubwa hawaelewi teknolojia.

Sikubaliani nayo. Wakubwa wengi wanaelewa vya kutosha, na kuna jambo moja wanaloelewa kukushinda: kila sahihi serikalini ina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaweza kuitwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi miaka sita baada ya kusahau alichotia sahihi. Mara nyingi kinachokukwamisha ni kalenda ya fedha ambayo hujaisoma, pamoja na woga wa kalamu ambao wewe bado haujakufika. Ukivielewa hivyo viwili, nusu ya hasira zako zitapungua. Nusu nyingine ni halali, na tutaifikia.

Tuanze na kalenda, kwa kuwa hapo ndipo miaka hupotea. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imezifunga kaunti kwa tarehe. Waraka wa bajeti hutolewa kufikia Agosti 30. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia Februari 28, makadirio Aprili 30, na kufikia Juni 30 bajeti iwe imepitishwa. Sasa chukua ile swichi uliyoiomba Januari 2026. Januari 2026 iko ndani ya mwaka wa fedha wa 2025/26, na mpango wa mwaka huo ulipelekwa bungeni Septemba 2024. Kwa hesabu ya serikali, swichi yako ilitakiwa kuandikwa mahali fulani Agosti 2024. Umechelewa miezi 17, na afisa mkuu anayekwambia "tutaangalia" anakuficha aibu kwa upole.

Kwa hiyo andika mapema, na andika kwa lugha ya wapangaji. Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti wa 2023 hadi 2027 ndio mama wa mipango yote ya mwaka. Jambo lisilo na mshipa wowote ndani yake huonekana kama mgeni asiyealikwa. Huna haja ya kutafuta sura ya ICT, ambayo mara nyingi ni nyembamba. Soma sura za afya, mapato na kilimo. Mtandao wa zahanati utaupata kwa urahisi zaidi ukiuandika chini ya dawa zinazopotea stoo kuliko chini ya "uboreshaji wa miundombinu ya kidijitali", maneno ambayo hayajawahi kumfanya mwakilishi wadi yeyote asimame kutetea bajeti.

Kuna fundo jingine ambalo vijana wengi hulikuta wakiwa wamekwisha kuumia. Sheria ile ile ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kununua kompyuta ni maendeleo. Kulipia leseni, intaneti, wino na fundi wa kila mwezi ni matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiko mishahara inakotoka. Kanuni zake za 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimeshindwa kuheshimu mpaka huo. Matokeo yake unayaona kila siku: ofisi ina kompyuta mpya zinazong'aa, programu za kukinga virusi zimekwisha muda mwaka juzi. Hakuna aliyekaa chini akaamua kuwa kununua ni bora kuliko kutunza. Vifungu vya bajeti ndivyo vilivyoamua.

Dawa yake si kamili, lakini ipo. Unapoandaa ununuzi, matengenezo ya miaka mitatu, mafunzo na leseni viingie ndani ya mkataba wa kwanza, viwe sehemu ya bei ya mradi. Kaa na mhasibu wa idara mapema akuonyeshe jinsi ya kuvipanga ili visije vikakataliwa. Bei itapanda na mtu atauliza kwa nini. Jibu lako liwe jedwali moja la ukurasa mmoja: gharama ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, pamoja na kinachotokea huduma ikikatika mwaka wa pili. Wanasiasa hawasomi kurasa 40, lakini jedwali fupi lenye shilingi hulisoma hadi mwisho.

Na ukishaingia kwenye bajeti, usishangilie. Bajeti si pesa. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano, mgao wa kaunti uliokuwa umepangwa kuwa Sh400 bilioni ulivutwa huku na huku hadi ukaishia Sh387 bilioni, na mvutano huo ulikula miezi. Katika mwaka wa kawaida pia, Hazina Kuu huchelewesha mgao, na pesa nyingi huja kwa kishindo karibu na mwisho wa mwaka wa fedha. Mei na Juni ni miezi ya mwenye faili tayari. Aliyekuwa na maelezo ya kiufundi yaliyokamilika, makadirio ya bei ya soko na idhini ya mkuu wake tangu Machi, ndiye ofisi ya ununuzi itakayemshika mkono. Aliyekuwa akisubiri pesa zije ndipo aandike, atasubiri mwaka mwingine.

Tukifika kwenye ununuzi, jua kwamba maelezo ya kiufundi ni kazi yako wewe mwenye kuhitaji kifaa, si ya afisa wa ununuzi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 kinakataza kutaja jina la kampuni au chapa isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kueleza kitu chenyewe, na hata hapo ni lazima ukubali kilicho sawa nacho. Vijana wengi huona hili ni kikwazo: wanaijua rauta nzuri, wanakatazwa kuitaja. Mimi naliona kama nafasi. Eleza kazi badala ya jina. Andika kwamba kifaa kistahimili umeme unaokatika na kurudi ghafla. Andika kwamba fundi wa muuzaji awe anaweza kufika Maua au Kiritiri ndani ya siku mbili, siyo kupokea simu tu akiwa Nairobi. Sharti la namna hiyo huwachuja wauzaji wa mkobani kuliko jina lolote la kampuni. (Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yote yako kwenye Mto Tana, pembezoni mwa Mbeere, Embu. Usidhani ujirani huo ni dhamana ya umeme. Weka betri ya akiba kwenye maelezo yako.)

Halafu kuna siku ya kupokea mzigo. Kifungu cha 48 cha sheria hiyo ya ununuzi kinaunda kamati ya ukaguzi na upokeaji, na kwa vifaa vya kompyuta ni wewe utakayeitwa kama mtaalamu. Tarehe ni Juni 29. Hazina inafunga malipo. Utaambiwa, kwa tabasamu, kwamba gari liko njiani, limeshapita Chuka, weka sahihi tu ili hati ya malipo itangulie. Anayekwambia hivyo si lazima awe mwizi. Huenda anaogopa pesa zirudi na mradi ufe. Lakini sahihi inayosema umepokea kitu ambacho hakijafika ni uongo wa maandishi, na mwenye uongo huo ni wewe.

Usigombane. Watu wengi huharibu hapa kwa kujibu kwa ukali, wakaitwa wasumbufu, na kamati inayofuata wakaachwa nje. Sema: "Mkubwa, niko tayari kukaa hapa hadi usiku. Gari likifika tunauhesabu mzigo na ninaweka sahihi papo hapo." Kaa kweli hadi usiku. Mzigo ukifika nusu, andika nusu. Hakuna sheria inayokulazimisha kukubali yote au kukataa yote. Fungua makasha, nakili namba ya kila mashine, iwashe. Kompyuta ambayo haikuwashwa siku ya kupokelewa huwa mbovu siku ya kugawiwa, na hapo muuzaji hapokei simu.

Kuanzia Julai 2025 Hazina Kuu ilitaka ununuzi wote wa serikali upitie mfumo wa kielektroniki. Magavana wakapinga, suala likaingia mahakamani. Usiingie kwenye ugomvi huo wala usiuchukulie kama ruhusa ya kutojifunza. Kesi huisha, na zikiisha mtu wa kwanza kuulizwa "hii kitu inafunguliwaje?" utakuwa wewe.

Sasa siasa. Kwanza elewa neno "seva" lina maana gani masikioni mwa mwanasiasa wa Kenya. Tangu uchaguzi wa Agosti 2017, Mahakama ya Juu ilipoamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe na Septemba 1 ikafuta matokeo ya urais, "fungueni seva" imekuwa kauli ya vita. Unaposema kwenye kikao kwamba seva ya kaunti ihamishwe jengo lingine, wewe unafikiria joto na vumbi. Aliye mbele yako anafikiria ni nani anataka kuona nini. Ndiyo maana maombi ya kawaida kabisa hukumbana na maswali ya ajabu. Eleza sababu kabla ya kutaja kifaa, na kama unaweza, waonyeshe chumba chenyewe. Mjumbe wa kamati aliyesimama dakika tano kwenye chumba chenye nyuzi joto 38 haulizi tena kwa nini unataka feni.

Pili, mpe mwanasiasa uzinduzi wake. Nasema hivi nikijua wataalamu hawatapenda. Gavana na waziri wa kaunti wanaishi kwa uzinduzi. Usipowapa, watajitafutia, na watakaouzindua utakuwa mfumo usiokamilika. Panga mradi kwa awamu ambazo kila moja ina kitu cha kukata utepe: hospitali moja kwanza, kisha soko moja, kisha idara ya ardhi. Uzinduzi wa kitu kidogo kinachofanya kazi hukupa miezi sita ya amani ya kujenga kinachofuata. Taifa lina kumbukumbu ya upande wa pili. Mwaka wa 2013 serikali ya Jubilee iliingia na ahadi ya kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Tenda ya kwanza ikafutwa baada ya mvutano wa kisheria, na vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka wa 2016 vilikuwa tableti. Ahadi ilitangulia kila kitu: walimu, umeme, mahali pa kuhifadhi. Waliobaki kuisawazisha ni watu wa ngazi yako.

Tatu, zile orodha. Utaombwa namba za simu za wazazi waliopata basari, au za wakulima waliosajiliwa kwa mbolea, "tuwatumie ujumbe wa heri". Kataa, ila usikatae kwa kinywa chako. Kataa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka taarifa za mtu zitumike kwa sababu iliyofanya zikusanywe tu. Kama mwombaji ataona ni mambo madogo, mkumbushe kadi za utambulisho za Huduma: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wake ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa athari kwa data za wananchi hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Mpango wa mabilioni wa serikali kuu ulikwama kwa waraka ambao haukuandikwa. Mwombe mheshimiwa alete ombi lake kwa maandishi kupitia Katibu wa Kaunti. Maombi mengi ya namna hii hayapendi karatasi, na hufa yenyewe kabla ya kufika mezani.

Lakini kubwa zaidi ya hayo yote ni kwamba kiti hubadilika, na eneo hili linalijua hilo kuliko maeneo mengi ya nchi. Martin Wambora wa Embu ndiye gavana wa kwanza Kenya kung'olewa na Seneti, mapema 2014, kabla mahakama hazijamrudisha. Meru imepitia zaidi. Bunge la kaunti lilipiga kura ya kumwondoa Kawira Mwangaza Desemba 2022, likarudia Oktoba 2023, na mara ya tatu Agosti 2024, safari ambayo Seneti ilikubali. Amri ya mahakama ikamweka ofisini hadi Machi 2025, Mahakama Kuu ilipothibitisha uamuzi wa Seneti na Isaac Mutuma akaapishwa. Mimi sina la kusema kuhusu nani alikuwa na haki. Lilijadiliwa na kuamuliwa na wanaohusika. Ninachokuomba ni ufikirie majuma ya katikati ya mvutano wa namna hiyo, popote unapotokea. Waziri hajui kama Ijumaa atakuwa waziri. Afisa mkuu hataki jina lake liwe kwenye malipo yoyote yenye ubishi. Kila karatasi inayohitaji kalamu inalala.

Mfumo wako ujengwe uweze kupita majuma hayo ukiwa hai. Ufunge kwenye sheria badala ya mtu. Meru ilipounda bodi ya mapato kwa sheria yake ya 2014, iliipa kazi ya kukusanya ushuru miguu ambayo haikutegemea tu barua ya waziri, na bodi hiyo imewaona magavana kadhaa. Si kila kitu kinahitaji sheria ya bunge la kaunti. Sera iliyopitishwa na baraza la mawaziri wa kaunti, kamati ya ICT yenye kumbukumbu za vikao, hata mwongozo uliotiwa sahihi na Katibu, vyote vina uzito kuliko "gavana alisema". Usiuite mfumo jina la kampeni la mtu. Usiweke picha ya yeyote kwenye ukurasa wa kuingilia. Anwani ya tovuti iwe ya serikali, inayoishia go.ke, na isajiliwe kwa jina la kaunti. Nimeona tovuti ya ofisi ya umma ikipotea kwa sababu ilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu aliyehamishwa. Nywila kuu ziandikwe, zitiwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa lakiri, ziwekwe kwenye sefu ya Katibu, na kila mara bahasha ikifunguliwa iandikwe ni nani aliyefungua.

Umiliki ni pale ambapo hata serikali kuu imejikwaa. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, Oktoba 2024, ilikuja na mfumo wa Sh104.8 bilioni. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, ikaeleza miezi michache baadaye kwamba serikali haikuwa mmiliki wa mfumo huo wala haikuwa na udhibiti wake, na kwamba haukununuliwa kwa ushindani. Nairobi nayo ilikusanya mapato yake kwa mfumo wa JamboPay kuanzia 2014. Mkataba ulipokwisha 2019, kazi ikahamia kwingine, kisha kwingine tena.

Huwezi kumzuia mkubwa kuchagua muuzaji unayemshuku. Unaweza kuhakikisha mambo manne yameandikwa kwenye mkataba kabla haujatiwa sahihi: data ni mali ya kaunti, kaunti inapewa nakala yake kamili kila mwezi, kwa muundo unaosomeka na programu nyingine, mkataba ukiisha kuna muda wa kukabidhiana ambao huduma haizimwi, na malipo yakichelewa kutokana na Hazina, muuzaji anatoa notisi ya siku kadhaa kabla ya kukata. Mwanasheria wa kaunti atakusikiliza ukimpelekea sentensi zilizokwisha kuandikwa. Ukimpelekea wasiwasi, atakupa pole. Na ile nakala ya kila mwezi, ifungue. Jaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine. Nakala isiyowahi kujaribiwa haina tofauti na kutokuwa nayo.

Kuna pia mifumo inayoshuka kutoka Nairobi bila kuulizwa. Mwaka wa 2015 Wizara ya Afya ilikodi vifaa vya kisasa kwa hospitali 98, zikiwemo mbili katika kila kaunti, kwa mpango wa miaka 7 wa Sh38 bilioni. Kila kaunti ilikatwa Sh95 milioni kwa mwaka, baadaye kiwango kikapanda hadi Sh200 milioni, na kamati ya Seneti ilipochunguza ilikuta vifaa vingine vikikaa bure kwa kukosa umeme, maji au mtaalamu. Mtu wa kaunti hakuwa na kura pale. Alichokuwa nacho, na ambacho wewe unacho, ni kalamu: waraka mfupi kwa mkuu wako, kabla kifaa hakijafika, unaosema chumba kina umeme wa kiasi gani, nani atakitumia, na nini kitatokea kama havipo. Waraka huo hautasimamisha lori. Utakulinda wakaguzi wakija, na mara nyingine utafanya jenereta ije kabla ya mashine.

Kwa mifumo hiyo ya juu, tunza njia ya karatasi. Julai 27, 2023 eCitizen, jukwaa la huduma za serikali mtandaoni, ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zikakwama nchi nzima, hata kwa watu wa kaunti waliokuwa hawahusiki. Daftari la risiti lenye namba zilizopigwa chapa, lililofungiwa kabatini kwa dharura tu, si aibu kwa mtu wa ICT.

Nimewaacha makarani hadi karibu na mwisho, ingawa wao ndio watakaokuamulia. Mfumo wa ushuru wa soko hauishi kwenye seva. Unaishi mkononi mwa karani wa soko la Gakoromone saa kumi na moja alfajiri, ndizi zikishuka, au kwenye kizuizi cha njia ya Maua ambako gari la miraa haliwezi kusubiri mtandao urudi kwa kuwa mzigo unaharibika na ndege haisubiri. Mashine ikikwama, karani ataruhusu gari lipite au atapokea pesa mkononi. Wakubwa wataita hiyo hujuma. Mara nyingine ni hujuma kweli, maana mashine imekata riziki ya mtu. Mara nyingi zaidi ni betri. Kabla hujaandika ripoti ya kumshtaki mtu, shinda naye zamu nzima. Utajua kama mashine inakaa na chaji hadi saa nne, kama viwango vipya vya Sheria ya Fedha ya kaunti vimeingizwa (sheria hiyo hupita baada ya mwaka wa fedha kuanza, na kwa miezi kadhaa karani na mfanyabiashara hubishana bei ipi ndiyo), na kama inaweza kutoa risiti bila mtandao kisha ipeleke kumbukumbu baadaye. Hii ya mwisho ni sharti. Usinunue mashine ya ushuru isiyoiweza.

Ukikuta wizi wenyewe, usiwe shujaa. Mwaka wa 2015, katika kashfa ya Sh791 milioni za Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), ilidaiwa kwamba nywila za afisa katika IFMIS, mfumo wa malipo wa serikali, zilitumiwa kupitisha malipo. Jifunze mawili hapo. Usimpe mtu nywila yako, hata bosi, hata kwa saa moja ukiwa mazishini. Na hakikisha mfumo unahifadhi kumbukumbu za nani alifanya nini saa ngapi, na kwamba ripoti yake hutoka yenyewe kila juma kwenda kwa mkaguzi wa ndani. Ripoti inayotoka kila Jumatatu haina adui. Ripoti uliyoitoa wewe siku moja, kumhusu mtu mmoja, ina adui na jina lake utalijua.

Wakaguzi wenyewe usiwakimbie. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na kasoro zinazojirudia katika ripoti za kaunti ni kukosekana kwa sera ya ICT, kamati ya kuisimamia na mpango wa kurejesha huduma baada ya janga. Yaani mambo yale yale uliyoyaomba miaka mitatu. Timu ya ukaguzi ikija, waonyeshe barua zako. Hoja ya mkaguzi ni lazima afisa mkuu aijibu mbele ya kamati ya bunge, na anayetafuta jibu huja mlangoni kwako akiwa mpole. Uwe na rasimu ya sera tayari kwenye droo. Ukurasa wa kwanza uache wazi kwa jina la waziri yeyote atakayekuwepo.

Mengine ni ya nafsi yako. Mshahara utachelewa mwezi mmoja au miwili katika mwaka, basi usikope kwa kutegemea tarehe. Tafuta wenzako wa kaunti jirani. Mtu wa Embu amekwisha kulimaliza tatizo ambalo wewe wa Meru unalianza, na hatakutoza. Pumzika Desemba, kwa kuwa hakuna karatasi itakayotembea. Na usipime mwaka kwa miradi mikubwa iliyokwama. Ukiweza kusema kwamba hospitali moja haikupoteza faili la mgonjwa, ulifanya kazi.

Ukihamishwa, na utahamishwa, acha faili la makabidhiano hata kama hakuna aliyeliomba. Orodha ya vifaa na mahali vilipo. Mikataba na tarehe za mwisho wake. Leseni zinazokwisha kabla ya Juni. Barua ambazo hazijajibiwa, zikipangwa kwa tarehe. Weka nakala moja kwa afisa mkuu na nyingine kwenye sajili ya mafaili, ipigwe muhuri. Andika pia namba ya fundi wa jenereta, ufunguo wa chumba cha seva uko kwa nani, na ni nani katika ofisi ya fedha anayefungua barua pepe kabla ya saa nne.